Maswali na majibu: IST inalia tik tik asubuhi ikiwa ya baridi, ikipata moto inanyamaza

SWALI: Fundi habari za kazi. Nina Toyota IST ya 2004 injini ya 1NZ, Dar nilikuwa naitumia bila shida, mwezi wa nne nikahamishiwa kikazi Njombe. Sasa kila asubuhi nikiwasha inalia tik tik tik haraka haraka kama cherehani, ikifika dakika ya nne au ya tano inaanza kupungua mpaka inapotea yenyewe. Nikiipeleka gereji saa nne haina sauti kabisa. Fundi wa kwanza kasema tapeti zikazwe, wa pili kasema injini inaanza kunoki nitafute nyingine, wa tatu kasema niweke oili nzito zaidi. Sasa hivi naweka oili namba 40. Nifanye nini?

JIBU: Salama kaka, pole na baridi la Njombe. Nianze na la haraka kabla hujatoa hela yako, injini nyingine usinunue, na oili nzito zaidi ya hiyo usiweke, kwa sababu kwenye maelezo yako umesema kitu kimoja ambacho hao mafundi watatu nadhani hawakukutilia maanani, kwamba sauti inakaa dakika nne tano alafu inaisha. Hapo ndo jibu lilipo. Sauti za injini ikiwa ya baridi zinafanana sana masikioni lakini muda wake haufanani, kuna inayoisha ndani ya sekunde mbili tatu, kuna inayoisha injini ikipata moto, na kuna ambayo haiishi bali inaongezeka kadiri injini inavyopata moto. Ukishajua yako iko kundi gani umeshapunguza nusu ya kazi.

Na jambo la pili, gari yenye sauti ya asubuhi huwezi kuipeleka gereji saa nne ukategemea fundi aisikie. Umetoka nyumbani umeendesha, injini imeshapata moto, sasa fundi anasikiliza nini? Anabaki kubahatisha. Mi mtu akiniletea gari ya hivo namwambia aiache ilale, kesho asubuhi nawasha mwenyewe. Kuna mama mmoja mwalimu aliniletea Premio yake akiwa ameshaambiwa atafute injini ya mtumba na hela ameshaanza kukopa, nikamwomba aniachie usiku mmoja tu. Saa kumi na mbili asubuhi nimefungua boneti na tochi mkononi hata sijawasha, nimemulika kwenye manifodi ya eksozi, yale mabomba yanayopokea moshi kutoka kwenye injini, pale inapokutana na hedi, yaani kichwa cha injini, naona weusi kama masizi ya jiko la kuni umejichora kama upepo unavyopuliza, kutokea kwenye gasketi kwenda juu. Nikapitisha kidole kwenye nati, moja haipo kabisa, ya jirani yake inazunguka kwa mkono. Kuwasha, tik tik tik. Nikasogeza kiganja karibu na pale, sio kugusa, kusogeza tu, nasikia hewa inanipiga kwenye ngozi tuf tuf tuf sawasawa na ile sauti. Gasketi mpya, nati mpya, gari imetulia mpaka leo na injini ni ileile.

Sasa na wewe kaka mi nashuku hapohapo kwanza. Manifodi ya eksozi ikiwa na mwanya mdogo, labda gasketi imeungua au studi imekatika au manifodi yenyewe imepata ufa, chuma kikiwa cha baridi kinakuwa kimesinyaa na mwanya unakuwa wazi, kila silinda hiyo inapotoa moshi unatoka kwa kupenya pale na unapiga tik. Chuma kikipata moto kinatanuka, mwanya unajiziba, sauti inaisha. Dakika nne tano ni muda wake kabisa. Na kwa nini inalia haraka kama cherehani, injini ikiwa ya baridi silensa, yaani mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta, inakuwa juu, tuseme mzunguko 1,200 kwa dakika, na kila silinda inatoa moshi mara moja kwa kila mizunguko miwili, kwahiyo mara 600 kwa dakika, ni mara 10 kila sekunde. Ikipata moto silensa inashuka hadi kama 700 na sauti kama bado ipo inakuwa ya polepole.

Kwenye hizi injini za NZ manifodi ya eksozi iko nyuma, upande wa ukuta unaotenganisha injini na mnapokaa ninyi, ndo maana mtu akifungua boneti na kuchungulia kwa mbele haoni kitu. Mwambie fundi atoe lile bati la kukinga joto, ni boliti chache tu, alafu amulike vizuri. Afanye hivo injini ikiwa imelala, ikipata moto pale unaungua vibaya. Akitaka uhakika zaidi achanganye maji na sabuni, apulizie kwenye maungio mara tu baada ya kuwasha, penye mwanya patatoa mapovu. Au mtu mmoja azibe bomba la eksozi kule nyuma kwa tambara nene kwa sekunde chache tu mwingine akiwa anasikiliza mbele, kama ni manifodi ile tik itaongezeka nguvu palepale.

Na hili usilichukulie kama kelele tu kaka. Mwanya ukiwa upande ule wa ukuta moshi wa eksozi unaweza kuingia ndani ya gari kupitia matundu ya hewa, na kwa baridi ya huko najua mnafunga vioo vyote na kuwasha hita. Moshi ule una gesi ya sumu isiyo na harufu, unaanza na kichwa kuuma na usingizi. Kama ukiendesha asubuhi unasikia kichwa kizito au watoto wanalalamika wakiwa siti ya nyuma, shusha vioo na usisubiri mwisho wa mwezi. Tena ile hewa inayopenya inaidanganya sensa ya oksijeni, inadhani mafuta ni kidogo, basi kompyuta inaongeza petroli na wewe unalalamika gari inakunywa.

Tukiacha eksozi, linalofuata ni tapeti, vile vyuma vinavyosukuma valvu (milango midogo ya kuingiza hewa na kutoa moshi), na hapa naomba nielezee kidogo maana ndo panapoliwa hela za watu. 1NZ haina tapeti za kukaza. Haina ile skrubu na nati ya kushika kama Honda Fit, ina vikombe vimekaa juu ya valvu na kemshafti, ile shafti inayofungua valvu, inavigonga moja kwa moja, havina hata zile sahani ndogo za kubadilisha juu. Ili kurekebisha mwanya unapima kwa fila, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi, injini ikiwa ya baridi kabisa, valvu za kuingiza hewa inatakiwa iwe milimita 0.15 hadi 0.25, za eksozi 0.25 hadi 0.35, isiyokuwa ndani ya hapo unashusha kemshafti unapima unene wa kikombe kilichokuwepo na kupiga hesabu unaweka kingine chenye unene unaotakiwa, na kushusha kemshafti maana yake umegusa taimingi cheni, ile inayozungusha kemshafti. Sio kazi ya nusu saa. Fundi akikwambia anakaza tapeti za IST kwa spana na bisibisi muulize anakaza nini. Kupima tu lakini ni rahisi, ni kufungua kava ya juu, na mi ningependa ipimwe kwa sababu tapeti inayolia kidogo haina madhara makubwa kama ile iliyobana. Iliyobana hailii. Valvu ya eksozi inakaa haijafunga vizuri, moto unapita pembeni yake mpaka inaungua, na mwenye gari anafurahi injini iko kimya.

Kuhusu oili. Namba 40 ya kawaida ikiwa Dar kwenye joto lile unaweza usione kitu, ila Njombe mwezi wa sita na wa saba usiku unashuka chini ya nyuzi 10 na asubuhi ile oili imekuwa nzito kama asali iliyokaa kabatini. Pampu inaivuta kwa shida, mpaka ifike juu kwenye kemshafti vyuma vimeshasagana vikavu. Na kwenye injini hii cheni inakazwa na tensiona inayosukumwa na oili hiyohiyo, ikichelewa cheni inacheza. Injini yako imetengenezewa 5W-30, ile namba iliyo mbele ya W ndo inakwambia oili inapita vipi kwenye baridi, ikiwa ndogo ndo inapita kirahisi zaidi. Anayekwambia uweke nzito nia yake ni kuziba sauti, na kweli sauti ya vyuma vilivyoachia inaweza kupungua kidogo ikishapata moto, ila kila asubuhi unailipia. Mwaga hiyo, weka 5W-30, inaingia kama lita 3.7 ukibadilisha na filta.

Filta nayo usichukue ya bei ya kutupa. Ndani ya filta nzuri kuna mpira unaozuia oili isirudi chini gari ikiwa imezimwa. Za bandia mpira huo ni mgumu au haupo kabisa, usiku oili yote inashuka, asubuhi ukiwasha unasikia mlio wa sekunde mbili tatu mpaka ijae tena. Sauti ya namna hiyo ni fupi, ya kwako ni ndefu kwahiyo sidhani kama ndo yenyewe, lakini unamwaga oili hata hivo basi badilisha vyote kwa pamoja. Kuna ndugu yake pia, mkwaruzo wa krrr wa sekunde moja au mbili ukiwasha, unasikika sana kwenye zile injini kubwa za 2GR kama Harrier ya 3.5, ule ni gia ya VVT-i, mfumo wa kubadili muda wa valvu kufunguka, kwenye kemshafti, kipini chake cha kufungia kimechoka. Wewe umesema tik tik, sio krrr, kwahiyo naupita.

Huyo aliyesema inanoki yeye kachanganya kabisa. Beringi ya konrodi, chuma kinachounganisha pistoni na krenki, ikiachia sauti yake ni nzito, inatoka chini kwenye sampu, lile bakuli la oili, ni ko ko ko kama mtu anagonga mlango wa mbao kwa ngumi, na injini ikipata moto oili ikawa nyepesi inazidi, ukipanda mlima inazidi, taa ya oili inaweza kuanza kuwaka ukiwa kwenye silensa. Hiyo ndo ya kuzima gari na kuita ya kuvuta. Yako inapungua na moto. Inayofanana na yako kidogo ni pistoni iliyolegea kwenye silinda, nayo inagonga asubuhi na kunyamaza pistoni ikitanuka, ila nayo ni nene kuliko tik, ni kama tok tok, na mara nyingi injini hiyo inakula oili. Angalia kijiti chako cha kupimia oili kila Jumapili asubuhi gari ikiwa mahali tambarare, kama kinashuka niambie.

Njia ya kuzitofautisha ipo na haihitaji mashine. Asubuhi injini ikilia fundi achomoe soketi ya injekta ya silinda moja, arudishe, aende ya pili, hivo hivo mpaka zote nne. Achomoe injekta na sio koili, maana koili ukichomoa petroli inaendelea kumwagwa bila kuungua inaenda kuharibu masega ya kusafisha moshi kwenye eksozi. Ikifika silinda ambayo ukichomoa tik inafifia, shida inafuata moto wa silinda hiyo, yaani ni mwanya wa eksozi au plagi haijakazwa au pistoni. Ukizipitia zote nne moja moja na sauti haibadiliki ni mambo ya juu, valvu na tapeti. Alafu achukue bisibisi ndefu, ncha aiweke kwenye injini mpini sikioni, atembee nayo taratibu, asiikaribishe kwenye mkanda. Akisikia tiktik nyembamba kwenye injekta zote nne zinazolingana asishtuke, ile ni kazi yake inavyofungua na kufunga.

Kwa sasa asubuhi ukiwasha usipige resi eti ipate moto haraka. Iache nusu dakika hadi dakika moja, ondoka taratibu, usikanyage sana mpaka ipate moto.

Kwahiyo wiki hii fanya oili na filta kwanza maana hiyo ni lazima iwe isiwe, alafu ongea na fundi aliye karibu ulaze gari kwake. Na wewe mwenyewe kesho asubuhi washa ukiwa umefungua boneti, rekodi kwa simu tangu unapopiga stata mpaka sauti inapoisha usikate katikati, dakika moja ushikilie simu upande wa nyuma ya injini karibu na ule ukuta, dakika nyingine mbele. Nitumie pamoja na picha ya manifodi bati likiwa limetolewa, na uniambie oili ilikuwa kiasi gani kwenye kijiti kabla hujaimwaga.