Chambo kinakuwa uji kwenye friza

SWALI: Kaka habari za kazi. Mimi wa Kigamboni, kila jumapili tunaenda kuvua kwa mshipi mimi na washkaji. Jumatano nikipita Feri nanunua kamba na ngisi wa chambo, nawaosha vizuri kabisa, mfuko mmoja, natupia friza. Jumapili kamba wamelegea kama uji, ukirusha mshipi chambo kinabaki njiani, ndoano inafika chini tupu. Na wife kashaanza kelele za harufu. Nakosea wapi?

JIBU: Unakosea kwenye kuosha, kaka. Friza zetu za nyumbani zinagandisha polepole, sasa maji yaliyomo kwenye nyama yanakuwa chembe kubwa za barafu zinaichanachana kwa ndani, ikiyeyuka ndo huo uji, na wewe umeongezea ya bomba!

Dawa ni chumvi kabla ya friza. Ile ya mawe, sio hii laini ya mezani. Kamba mtoe kichwa maana ndo kinawahi kuoza, mfute na kitambaa kikavu, chukua chujio uliweke juu ya bakuli halafu panga chumvi, kamba, chumvi, kamba mpaka waishe, funika uache kwenye friji (friji, sio friza) mpaka kesho yake. Asubuhi utakuta maji yamechuruzikia kwenye bakuli, mwaga, mbonyeze kamba mmoja, akiwa mgumu kidogo kama mpira basi huyo hatoki kwenye ndoano kirahisi. Hapo sasa funga vipakiti vya safari moja moja, kamua hewa yote, peleka friza.

Ngisi hana shida, kata vipande virefu vyembamba, hata bila chumvi anavumilia. Samaki wadogo kama simu na dagaa wana mafuta, wanachacha humohumo kwenye barafu, hao usiwaweke muda mrefu. Umeme ukikatika vikayeyuka usigandishe tena, nenda kavue tu hata kama ni jumanne.

Harufu: ndoo ndogo yenye mfuniko wa kubana, na uandike CHAMBO kwa herufi kubwa. Mimi sikuandika. Nimerudi kazini nakuta ngisi wangu wa chumvi kaungwa nazi, mama mkwe yuko mezani kimya, anamalizia glasi ya tatu ya maji.