Kudai sheria za akili mnemba mitandaoni: posti iwe na anwani

Mkuu, umeuliza kama mtu mwenye wafuasi wachache anaweza kuchangia chochote kwenye sheria za akili mnemba, au mitandao ya kijamii ni kelele tupu. Niko kwenye kikundi cha kujitolea kinachodai sheria hizo, na mimi ni mmoja wa wanaoendesha akaunti yake, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyaona. Unaweza, tena sana. Ila kila unachoandika kijue kinamwendea nani na kinataka afanye nini. Posti isiyo na anwani inapendwa siku mbili, kisha inazama.

Wengi huanza na hofu: mashine zitatumaliza, kazi zote zitakwisha. Hofu inasambaa haraka, hilo sikatai. Machi 2023 ilitoka barua ya wazi ya Future of Life Institute, taasisi inayofuatilia hatari za teknolojia, ikiwemo sahihi ya mwanasayansi wa akili mnemba Yoshua Bengio na ya Elon Musk, ikiomba maabara za akili mnemba zisitishe kwa angalau miezi 6 kufunza mifumo yenye nguvu kuliko GPT-4, mfumo wa kampuni ya OpenAI. Dunia nzima iliizungumzia, na naiheshimu kwa kufungua mjadala. Lakini maabara kubwa ziliendelea na kazi. Hakukuwa na ofisi yenye mamlaka ya kuzisimamisha, na msomaji wa kawaida hakuachiwa cha kufanya zaidi ya kusaini.

Sasa tazama Uingereza, Agosti 2020. Mitihani ilikuwa imefutwa kwa sababu ya korona, na huko England mamlaka ya mitihani ikatumia fomula ya kompyuta kupanga alama za A-level. Ilikuwa fomula ya takwimu tu, wala si akili mnemba ya aina tunayoijua leo, lakini somo ni lilelile. Karibu asilimia 40 ya alama zilizokadiriwa na walimu zilishushwa. Wanafunzi wakaweka mitandaoni alama ya mwalimu kando ya alama ya mashine, na chini yake jina la chuo walichokosa. Wakaingia na barabarani. Dai lilikuwa moja, turudishieni alama za walimu, na waziri wa kulijibu alijulikana. Matokeo yalitoka tarehe 13, tarehe 17 serikali ikageuza uamuzi.

Kwenye kikundi chetu nimeliona hilo kwa ukaribu. Kuna mama mmoja alituandikia kuhusu maombi yake ya kazi. Aliyatuma saa sita kasoro usiku, na barua ya kukataliwa ikamfikia kabla saa sita haijagonga. Barua yenyewe ilisema maombi yake "yamepitiwa kwa makini". Rasimu yetu ya kwanza ya posti ilikuwa na aya ndefu kuhusu upendeleo wa mifumo na hatima ya ajira. Dada mmoja wa kikundi, aliyewahi kufanya kazi kwenye ofisi ya mbunge, akaifuta yote. Akabakiza picha mbili, muda wa kutuma na muda wa kujibiwa, jina la mama limefichwa kwa ombi lake, na swali moja: nani aliyasoma maombi haya? Chini akaandika namba ya kifungu kwenye rasimu ya sheria iliyokuwa ikipokea maoni ya wananchi, siku ya mwisho ya kutuma maoni, na kiungo cha kuyatuma. Basi.

Watu walianza kuleta barua zao wenyewe chini ya posti. Hapo ndipo kazi ilipoanza, kwa sababu tulimwandikia kila mmoja faraghani tukamwomba atume kisa chake kwa kamati iliyokuwa ikipokea maoni, kwa maneno yake. Usiwape watu maandishi ya kunakili. Yule dada alitueleza wazi kwamba barua mia zinazofanana ofisini huhesabiwa kama barua moja, wakati kisa kimoja chenye tarehe na ushahidi hupelekwa mezani kwa bosi.

Pia usidai kitu cha jumla kama "tunataka udhibiti". Dai kitu ambacho tayari kipo mahali fulani, ili asiwepo wa kukuambia hakiwezekani. Kwenye hili la ajira, Umoja wa Ulaya unacho kifungu cha 22 cha GDPR, sheria yao ya kulinda taarifa binafsi, kinachotumika tangu 2018, kinachompa mtu haki ya kutoamuliwa jambo zito na mashine peke yake, ingawa kina misamaha yake. Sheria yao ya akili mnemba iliyoanza kuwa na nguvu Agosti 2024 inaiweka mifumo ya kuchuja waombaji kazi kwenye kundi la hatari kubwa, na kwa matumizi yaliyopigwa marufuku kabisa faini inafika euro milioni 35 au asilimia 7 ya mapato ya dunia nzima ya kampuni, kile kilicho kikubwa zaidi. Ukiweka namba hizo kwenye posti, mjadala unahama kutoka "haiwezekani" kwenda "kwa nini wao na si sisi".

Na usiogope kushirikiana na watu msiokubaliana kwa mengine. Marekani mwaka 2025 kulikuwa na pendekezo la kuzuia majimbo kutekeleza sheria zao za akili mnemba kwa miaka 10. Wazazi, wasanii, magavana na wanasheria wakuu wa majimbo wa vyama vyote viwili walilipinga, kila mmoja kwa sababu zake. Tarehe 1 Julai Seneti ikalitupa kwa kura 99 dhidi ya 1. Mitandao peke yake isingefanya hivyo. Kazi yake ni kuwakutanisha watu wa aina hiyo na kumwonyesha mbunge kwamba mpiga kura wake anafuatilia.

Kitu kimoja nakusihi sana, kuhusu picha na video bandia za watu. Usisambaze video bandia hata kwa nia ya kuilaani. Mtu ambaye programu imemvua nguo kwenye picha anaumizwa upya kila inapotazamwa, hata kama umeandika "hii ni aibu" juu yake. Eleza kilichotokea kwa maneno, omba ruhusa ya mhusika, na msaidie kuripoti. Marekani ilipitisha Take It Down Act Mei 2025, inayozitaka tovuti ziondoe picha za utupu zilizosambazwa bila ridhaa, zikiwemo za kutengenezwa na akili mnemba, ndani ya saa 48 baada ya mhusika kuomba. Hilo ni dai zuri la kulipeleka kwa mbunge wako kama kwenu halipo.

Sheria ikipita, usifunge akaunti. Kanuni ndogo huandikwa baadaye, kimyakimya, na kampuni hazikosi kutuma watu wake kwenye vikao hivyo. Sisi tuna kalenda ya tarehe za mwisho za kutuma maoni, na kila tarehe ikikaribia tunawaamsha walewale waliotuletea barua zao. Kwa hiyo wewe anza hapo, mkuu: tafuta rasimu au kanuni iliyo wazi kwa maoni sasa hivi, soma kifungu kimoja hadi ukielewe, halafu tafuta mtu mmoja ambaye kifungu hicho kinamgusa.