Daktari Anajibu: Picha ya kifua ni safi, kwa nini mzee apulizishwe mashine?

SWALI: Daktari, shikamoo. Baba yangu ana umri wa miaka 58 na ni mkulima wa korosho hapa Tandahimba. Tangu tuanze kupulizia mikorosho salfa amekuwa akikohoa, na akipanda kilima kidogo tu anahema. Hospitalini alipigwa picha ya kifua, tukaambiwa mapafu ni safi, lakini bado akaamriwa apulize hewa kwenye mashine mara tatu, huku muuguzi aliye sawa na mjukuu wake akimpigia kelele: "Puliza! Puliza! Usiache!" Kisha akavutishwa dawa, akasubirishwa robo saa, akapulizishwa tena. Amerudi nyumbani amekasirika, anasema amefanyiwa mchezo. Kipimo kile kina maana gani?
Binti wa mkulima, Tandahimba

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mfikishie mzee pole zangu, na umwombe amsamehe muuguzi yule, kwa sababu kelele zile ni sehemu ya kipimo chenyewe.

Picha ya eksirei huonyesha umbo la mapafu, lakini haionyeshi hewa inapita kwa kasi gani. Mapafu hayana msuli wa kujivuta. Tunapovuta pumzi, kiwambo, yaani ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, hushuka, mbavu huinuka, nafasi ya kifuani hupanuka, na hewa ya nje huingia kujaza nafasi hiyo. Kutoa pumzi tukiwa tumetulia hakuhitaji nguvu yoyote, kwa kuwa mapafu yana tabia ya mpira na yakishavutwa hurudi yenyewe. Mtu mzima aliyekaa kwa utulivu huingiza takriban nusu lita kwa kila pumzi, na kwa kiasi kidogo namna hiyo hata mwenye njia za hewa zilizobana anaweza kuonekana mzima.

Ndiyo maana mzee aliambiwa ajaze kifua hadi mwisho, kisha apulize kwa nguvu zake zote bila kukatisha. Hapo kifua chote huyabana mapafu pamoja na vile vijibomba vya hewa vilivyomo ndani yake, na vikiwa tayari vyembamba, hewa hukawia kutoka hata mtu akijikaza vipi. Wembamba huo si jambo dogo: hewa inapopita kwa utulivu, bomba likipungua kipenyo kwa nusu, ukinzani wake huongezeka mara 16.

Mashine hiyo huitwa spirometa. Daktari Mwingereza John Hutchinson alichapisha mwaka 1846 vipimo vya watu zaidi ya 2,000, lakini alichopima ni wingi wa hewa wanayoweza kutoa. Ilipita karne nzima hadi mwaka 1947, ndipo Wafaransa Tiffeneau na Pinelli walipopendekeza kuangalia kiasi kinachotoka katika sekunde ya kwanza. Kwa maoni yangu hapo ndipo kipimo kilipopata meno. Mtu mwenye njia za hewa zilizo wazi kwa kawaida hutoa zaidi ya asilimia 70 ya hewa yake katika sekunde hiyo moja. Ikipungua chini ya hapo, tunashuku kuwa njia zimebana.

Mara tatu ni kwa sababu mashine hupima pia bidii ya mpulizaji. Aliyepuliza kivivu ataonekana mgonjwa bila kuwa mgonjwa, kwa hiyo tunataka mapulizo mazuri matatu, na yale mawili makubwa zaidi yasipishane kwa zaidi ya mililita 150. Dawa aliyovuta hulegeza misuli inayozunguka njia za hewa. Kama baada ya robo saa hewa ilitoka kwa wingi zaidi kuliko mwanzo, dalili zinaelekea kwenye pumu. Kama haikubadilika, daktari atatafuta kwingine. Mweleze daktari habari ya salfa bila kuficha, kwani vumbi lake huwasha njia za hewa, na mzee asirudi shambani kupulizia kabla hajapata majibu.

SWALI: Daktari, mwanangu wa miezi tisa alikuwa na kikohozi. Muuguzi hakutumia mashine yoyote, alikitazama tu kifua chake huku akiangalia saa. Je, hicho nacho ni kipimo?
Mama Zuhura, Lindi

JIBU: Ni kipimo, tena cha kuheshimiwa, kwa kuwa mtoto wa umri huo huwezi kumwamuru apulize. Huhesabiwa pumzi kwa dakika nzima, mtoto akiwa ametulia, halii wala hanyonyi, kwa sababu upumuaji wa mtoto mchanga hauendi kwa mwendo mmoja na kuhesabu nusu dakika kisha kuzidisha mara mbili hupotosha. Kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11 mwenye kikohozi, pumzi 50 au zaidi kwa dakika ni za haraka mno. Kuanzia mwaka mmoja hadi kabla ya miaka mitano, mpaka ni 40. Ukiona kifua chake cha chini kinabonyea kwa ndani kila anapovuta pumzi, usikae kuhesabu, mpeleke kituoni saa hiyo hiyo.