Kwa mnaoanza kazi steshenari: zoeeni kibodi kabla ya msimu wa maombi

Wadogo zangu, msimu wa maombi ya mikopo ya wanafunzi ukifika mtaelewa kwa nini nasisitiza kibodi. Foleni inatoka hadi nje, kila mteja ana fomu ndefu, na ule mkono unaokwenda kwenye mausi na kurudi ndio unaokula muda.

Anzeni na Tab. Ukimaliza kujaza jina, ibonyeze, unaingia nafasi inayofuata. Ukishika Shift pamoja nayo unarudi nyuma. Kisanduku cha kuweka tiki, bonyeza Space. Kwenye orodha ya mikoa, fomu nyingi zinakubali uandike herufi za mwanzo: "mor", umefika Morogoro. Macho yanabaki kwenye cheti cha mteja. Kwangu hilo ni kubwa kuliko kasi, maana herufi moja ikikosewa kwenye jina, mtoto wa watu anahangaika.

Kwenye kivinjari, Ctrl na T inafungua kichupo kipya, yaani ukurasa mwingine ndani ya dirisha lilelile, Ctrl na W inakifunga. Hapo ndipo nilipoumia. Mwaka wangu wa kwanza nilifunga kichupo cha mama mmoja tuliyekaa naye karibu saa nzima. Mwenzangu akabonyeza Ctrl, Shift na T, ukurasa ukarudi. Lakini nilichoandika bila kuhifadhi kilipotea, tukakijaza upya. Tangu siku ile sivuki kipengele bila kuhifadhi.

Kingine ni dirisha la faragha: Ctrl, Shift na N kwenye Chrome, kwenye Firefox, P badala ya N. Mhudumieni kila mteja humo. Akimaliza, fungeni madirisha yote ya faragha, ili anayefuata asikute barua pepe ya mwenzake iko wazi. Ila kuweni makini: kwenye Chrome, kichupo cha faragha kikishafungwa, Ctrl, Shift na T haikirudishi.

Na mtu akija kutafuta jina lake kwenye orodha ya walioitwa kwenye usaili, msishuke kurasa zote kwa macho. Ctrl na F, andika jina la ukoo, Enter. Kama orodha ni karatasi zilizoskaniwa tu, huenda isipate kitu hata kama jina lipo. Hapo someni mstari kwa mstari. Jaribuni na jina la kwanza pia, kabla hamjamwambia hayupo.