Thomu ya maua si ya kutazama tu

Ukipita kwa wauza miche wa kando ya barabara hapa Mombasa, huenda ukakuta mmea wa majani membamba, marefu, na maua ya zambarau mpauko juu ya vikonyo vyake. Watu huununua kwa maua. Ndiyo thomu ya maua, kitaalamu Tulbaghia violacea, kwao Afrika Kusini. Mimi nauweka nyuma ya jiko, maana majani yake na maua yake huliwa.

Mbaazi za nazi zikishaipuliwa, nakatia majani machanga kwa mkasi juu yake. Usiyatie mapema, moto hupoteza harufu yake. Lakini penyewe ni kwenye kachumbari: nyanya, ndimu, pilipili, majani kidogo, kisha maua mabichi juu. Ua ukilitafuna huanza na utamu, halafu ukali wa thomu unakuja nyuma. Wageni wasiolijua hulitoa pembeni ya sahani wakidhani ni pambo, nami siwalazimishi.

Kabla ya kula, sugua jani vidoleni. Lisiponuka thomu, liache. Bustani zetu zina mimea ya ukoo huohuo, kama krinamu (Crinum, yenye maua makubwa kama yungiyungi), ambayo ina sumu. Na jaribu kabla hujamenya thomu ya kupikia, la sivyo kila jani litanuka!

Kuutunza ni rahisi. Unataka jua na udongo usiotuamisha maji, na mchanga wetu wa pwani unaufaa ukichanganywa na samadi iliyooza. Kiangazi huvumilia. Masika ndiyo ya kuogopa: chungu kikiziba matundu, mizizi huoza. Kichaka kikishabanana, king'oe, ukigawe, kila kipande kiwe na mizizi yake, upande tena.

Wazulu huupanda kuzunguka nyumba ili kufukuza nyoka, na jirani yangu aliutaka kwa sababu hiyo tu. Nilimpa, ila nikamwambia aondoe kwanza rundo la makuti na mawe nyuma ya ua, maana panya wakijificha humo nyoka atawafuata. Wazulu pia huutumia kwa kikohozi na homa. Hilo mimi siligusi. Kikohozi kisichoisha ni cha kupeleka zahanati.

Usiupande chini ya dirisha la kulala. Paka akipita tu akayaponda majani, harufu inaingia mpaka kwenye mito.