Maji ya moto hayatoi damu, yanaipika

SWALI: Shikamoo fundi. Usiku wa Jumapili mwanangu wa miaka sita alilala kwenye zulia la sebuleni, akatokwa na damu puani. Zulia lenyewe ni la sufu, rangi ya maziwa lenye maua mekundu, mama mkwe alilibeba mwenyewe kutoka Maskati. Nilichemsha maji, nikatia sabuni ya unga, nikasugua kwa brashi mpaka mikono ikaniuma. Asubuhi nikakuta doa limekuwa la kahawia, na lilikuwa kama kiganja, sasa ni kama sahani. Jirani anasema nimwagie jiki kidogo. Kuna kijana ana mashine ya mvuke, anataka elfu arobaini, anasema mvuke unatoa kila kitu. Nimsikilize nani? Mama mkwe anakuja mwezi ujao, na huwa anaswalia hapo hapo. – Mama wa watatu, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usimsikilize yeyote kati yao. Jiki usiifungue, na huyo kijana mwambie asante, apite.

Barua kama yako napata karibu kila wiki. Anayeandika hubadilika, mara ni kidole kilichokatwa na kisu, mara paka aliyejifungua kwenye kapeti, mara mzee aliyeanguka, lakini sentensi ya pili ni ile ile: "nilichemsha maji." Miaka zaidi ya ishirini nafanya kazi hii, nilianzia chumba cha kufulia cha hoteli, na bado sijaelewa kitu kimoja. Wanawake ndio wanaoniandikia zaidi, na hakuna msichana aliyefundwa na shangazi au kungwi akaambiwa afue nguo yake ya mwezi kwa maji ya moto. Wote tuliambiwa maji baridi, tena upesi. Nguo ya ndani tunaijua. Damu hiyo hiyo ikidondoka kwenye zulia la thamani, tunakimbilia birika.

Pika supu ya mifupa ujionee. Maji yakianza kuchemka, juu ya sufuria hupanda povu la kijivu, kisha linageuka kahawia na kuganda pembeni. Lile povu ni protini za damu na za nyama zilizoiva. Zilipokuwa mbichi ziliyeyuka kwenye maji usizione, sasa zimekuwa kitu kigumu unachokitoa kwa mwiko. Damu nayo imejaa protini, na kuanzia nyuzi joto 60 hivi inaanza kuganda kama ute wa yai kwenye kikaango. Ikigandia sufuriani unaisugua kwa chuma cha kuoshea vyombo. Ikigandia ndani ya uzi wa sufu, umeipikia humo.

Sasa umwelewe kijana wa mashine ya mvuke. Hasemi uongo kwamba mashine yake inasafisha. Kwa vumbi na kwa mafuta ya miguu, joto linasaidia sana, mimi mwenyewe ninayo. Lakini mvuke unatoka kwenye mdomo wa mashine ukiwa karibu nyuzi 100, na anapoupuliza kwenye damu anamalizia kazi uliyoianza wewe na birika lako. Nimeletewa mazulia yaliyopitishwa mvuke mara tatu, kila mara doa likizidi kuwa gumu, na kila mara mwenye zulia akilipa. Kinachoniudhi zaidi ni kwamba hawa vijana hawaulizi. Fundi wa kweli kabla hajashika ndoo anauliza mambo mawili: doa ni la nini, na zulia ni la nini. Asiyeuliza amekuja kuuza mashine yake.

Tuje kwenye la nini. Wewe umeniambia sufu, lakini wengi hawajui, na aliyewauzia dukani hajui pia. Chomoa uzi mmoja pembeni, ukamate kwa koleo, uuchome juu ya sahani ya udongo. Ukinuka nywele zilizoungua na ukaacha majivu yanayosagika kwa vidole, ni sufu au hariri. Ukiyeyuka na kuacha kitone kigumu kama cha mfuko wa plastiki ulioungua, ni plastiki, kama mazulia mengi ya mashine yanayouzwa Kariakoo. Ukinuka karatasi, ni pamba au katani.

Ni kwa sababu ya nywele hizo ndiyo nakukataza jiki. Sufu ni nywele za kondoo, na nywele ni protini, kama ilivyo damu. Dawa inayokula damu kwa nguvu haitauliza ipi ni damu na ipi ni kondoo. Anayebisha humwekea uzi wa sufu kwenye glasi ya jiki asubuhi, halafu tunaendelea na kazi. Kwanza uzi unageuka njano, kisha unalegea kama tambi zilizopitiliza, na adhuhuri tukirudi glasi ina maji tu. Uzi haupo. Jirani yako angekushauri umwagie "kidogo" na ungebaki na kitundu kidogo.

Sabuni ya unga nayo, ile uliyotumia, ina shida ya aina hiyo japo ni ya polepole. Nyingi zina vimeng'enya vya kuvunja protini. Ukitaka kujua vimeng'enya hivyo hufanyaje, kumbuka papai bichi unalopaka kwenye nyama ya mishikaki: nyama ngumu inalainika kwa sababu utomvu wa papai unakata protini zake. Kwenye shati la pamba au zulia la plastiki, sabuni hiyo kwa maji ya vuguvugu kidogo inatoa damu vizuri sana, naisifu. Kwenye sufu inalainisha kondoo pia. Kwa hiyo kazi yako ya kwanza ni kuitoa sabuni iliyobaki humo, maana bado ipo.

Fanya hivi. Liinue zulia sehemu yenye doa, uweke taulo kavu chini yake na ndoo pembeni yenye maji baridi ya bomba. Kabla ya yote chukua kitambaa cheupe kibichi, kibonyeze kwenye ua jekundu upande wa nyuma kwa dakika moja. Kikitoka na wekundu, simama hapo hapo, rangi haijashika na zulia linahitaji mtu wa kulishughulikia kwa mikono yake. Kikitoka cheupe, endelea. Kwangua vigamba vikavu kwa mgongo wa kijiko. Tia maji baridi vijiko vitatu au vinne, usimwage kwa kikombe, kisha bonyeza kwa taulo jeupe. Bonyeza, usisugue. Kusugua ndiko kulikofanya kiganja kiwe sahani, na brashi imeshapasua nyuzi za juu. Anzia ukingoni uje katikati. Rudia mpaka taulo lisitoe povu tena.

Halafu shampoo. Ndiyo, shampoo ya nywele, ya kawaida, isiyo na rangi kali, nusu kijiko cha chai kwenye kikombe cha maji baridi. Watu hucheka nikisema hivi, lakini kwa sufu ndiyo kipimo changu: usichoweza kukitia kichwani kwa mwanao usikitie kwenye zulia la sufu. Tia kidogo, acha dakika kumi, bonyeza, suuza kwa vijiko vya maji, bonyeza tena. Mwisho tandika taulo kavu juu, weka ubao na madumu mawili ya maji, ulale. Usiku kucha maji yanapanda kutoka chini yakiwa na damu iliyojificha kwenye shina la nyuzi, na taulo linaipokea. Watu wanaoruka hatua hii ndio wanaoniambia "doa lilitoka, likarudi." Halikurudi, lilikuwa chini. Asubuhi kausha kwa feni au kivulini penye upepo. Usilianike juani, maua yatapauka na doa litabaki.

Rudia siku ya pili na ya tatu. Taulo likiacha kutoa rangi, acha na wewe. Kwa kuwa liliingia maji ya moto, nakuambia mapema litabaki kivuli hafifu cha kahawia. Anayekuahidi vinginevyo hajaliona zulia lako, na mimi pia sijaliona.

Mtaniuliza kuhusu peroksaidi ya duka la dawa, maana video zake zimejaa kwenye simu. Kwa zulia la plastiki lenye rangi ya kukaa, ni dawa nzuri, tena hata kwa damu iliyokauka. Kwa la sufu lenye maua usiiguse, inachubua rangi. Povu lile linalowafurahisha watu kwenye video si uchafu unaotoka: damu yenyewe ina kimeng'enya kinachoivunja peroksaidi kuwa maji na oksijeni, ndiyo maana inachemka hivyo hata kwenye kidonda. Angalia chupa. Inayotakiwa ni ya asilimia 3, na kwenye chupa nyingine imeandikwa ujazo wa 10. Ya ujazo wa 20 ni asilimia 6, ichanganye na maji kiasi sawa na chake. Za saluni hufika asilimia 9 na 12, hizo ni za kubadili rangi ya nywele, na zitabadili rangi ya zulia kwa moyo mmoja.

Siki na beking soda pamoja ni mchezo wa darasani. Vinatoa povu kwa sababu vinauana, na kinachobaki ni maji yenye chumvi kidogo. Vinapoteza muda wako tu, havina madhara mengine.

Yenye madhara ni michanganyiko mingine, na hapa naomba hata asiye na doa asome. Jiki ikikutana na siki, ndimu au dawa ya kung'arisha choo, ambayo kwa kawaida ni asidi, inatoa gesi ya klorini. Ni gesi ile ile Wajerumani waliyoifungulia wanajeshi huko Ypres, Ubelgiji, mwezi Aprili 1915. Jiki ikikutana na amonia, hata iliyomo kwenye mkojo wa mtoto uliolala kwenye kapeti, inatoa gesi nyingine inayochoma mapafu. Mtu anapiga magoti sebuleni, madirisha yamefungwa mbu wasiingie, anainamia zulia kwa karibu na kumwaga hiki juu ya kile kwa sababu cha kwanza hakikufanya kazi. Ukisikia macho yanawasha na kifua kinabana, acha kila kitu hapo, toka nje na watoto.

Halafu kuna hawa wanaopita mitaani na "dawa ya madoa yote" kwenye chupa za soda. Haina jina, haina maelezo, na ukimuuliza ndani kuna nini anakuambia ni siri ya kazi. Nililetewa zulia lililomwagiwa mojawapo. Juu lilikuwa zuri, jeupe kabisa, mteja akafurahi wiki nzima. Tulipoligeuza, katani ya mgongoni ilikuwa inakatika kwa vidole kama karatasi iliyolowa. Na hilo ni zulia tu. Chupa ile ilikaa jikoni kwake, kifuniko chekundu, kimiminika cheupe, chini ya meza ambapo mtoto wa miaka mitatu anafika. Kama mtoto amekunywa kitu cha namna hiyo, usimtapishe, usimpe maziwa wala mafuta ya kula kwa kubahatisha. Mwoshe kinywa, mkimbize hospitali, na chupa uibebe.

Jambo dogo kuhusu damu yenyewe. Ya mwanao si tatizo kwako. Lakini ikiwa ni ya mgeni au ya mtu usiyemjua hali yake, vaa glavu hata kama imekauka. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kuwa hai kwenye damu kavu kwa siku 7 au zaidi. Vijana wangu wote nimewapeleka kuchanjwa kabla hawajashika taulo.

Kuhusu swala, najua damu ni najisi, na kivuli kitakachobaki kina hukumu yake. Hilo mwulize shehe wa msikiti wenu, umweleze kwamba umeosha kwa maji safi mara kadhaa na imebaki rangi tu. Mimi nikikujibu nitakuwa nimefanya yale yale ninayowalaumu wenzangu.

Na mama mkwe, mwambie ukweli kwamba mjukuu alitokwa na damu. Ukitaka, ligeuze zulia upande wa pili, kivuli kiingie chini ya kochi. Ila likauke siku mbili kamili kwanza, mpaka mgongoni. Miguu ya kochi ya mninga ikikaa juu ya zulia bichi inaachia rangi ya mti, na hiyo haitoki kwa shampoo.