Skwati imepanda kilo 30, mbona raundi ya mwisho bado inanishinda?

SWALI: Habari mwalimu. Nina miaka 19, nashindana mita 1500 katika mbio za kuteleza kwenye barafu, uwanja wa mita 400. Tangu msimu uishe nimepandisha skwati (kuchuchumaa na kuinuka na vyuma mabegani) kutoka kilo 90 hadi 120. Mita 300 za kwanza nimekuwa mwepesi zaidi, lakini raundi ya mwisho mapaja yanawaka moto na muda wangu ni uleule. Niongeze vyuma?

JIBU: Nzuri. Hapana, usiongeze. Kilo hizo zimeshafanya kazi yake, ndiyo maana unachomoka vizuri. (Ila nikuulize: hizo 120 unashuka nazo hadi wapi? Skwati ya nusu haihesabiki kwa mtu anayeshindana akiwa amechuchumaa.)

Mwombe mtu akupige video kutoka pembeni, kwenye sehemu iliyonyooka, raundi ya kwanza na ya mwisho. Simamisha picha pale mguu mmoja umebeba mwili, kabla hujasukuma, upime pembe ya goti. Kama mwanzoni ni digrii 100 na mwishoni 120, tatizo ndilo hilo: unainuka. Msukumo unafupika na kifua kinakamata upepo, na kwenye barafu upepo ndio unaokula sehemu kubwa ya nguvu zako.

Unainuka kwa sababu misuli ya paja na makalio, ukikaa chini vile, hubaki imekaza muda mrefu katika kila hatua, na msuli uliokaza huibana mishipa yake yenyewe ya damu. Oksijeni haifiki ya kutosha. Ndiyo maana mapaja yanawaka wakati pumzi bado unayo. Hilo halitibiwi na vyuma vizito.

Jimu ibaki siku 2 kwa wiki, za kulinda ulichopata: seti 3 za marudio 4 ukishuka hadi chini, kisha skwati za mguu mmoja. Nguvu yako uielekeze kwenye mkao. Funga kamba juu kidogo ya kichwa chako ukiwa umechuchumaa, goti digrii 100, mgongo karibu ulale sambamba na sakafu. Hamisha uzito mguu hadi mguu kwa kusukuma pembeni, sekunde 45, pumzika 90, mara 6. Kichwa kikigusa kamba, seti imeisha hata kama saa haijafika. Kila wiki ongeza sekunde chache mpaka ufikie dakika 2, maana ndio urefu wa mbio zako, zaidi au pungufu kidogo. Ukiwa na ubao wa kutelezea (ule laini wa kuteleza pembeni huku na huku), fanyia hapo.

Baiskeli ni nzuri kwa kujenga pumzi bila kuumiza mgongo. Nils van der Poel, mtelezaji wa Sweden, alikaa juu yake saa nyingi mno kabla ya kushinda mita 5000 na 10,000 kwenye Olimpiki ya Beijing mwaka 2022. Wewe usiige saa zake. Mita 1500 zinataka kasi ambayo yeye hakuihitaji.

Jambo dogo: kona zote mnakata kushoto, kwa hiyo miguu haichoki sawasawa. Kwenye skwati za mguu mmoja anza na ulio dhaifu, na ule wenye nguvu usiuzidishie marudio. Na kinena kikianza kuuma unaposukuma pembeni, punguza ubao kwanza, vyuma baadaye.